Anwani ya mtandao haina daraja, ina upatanisho

Ukisoma maelezo ya Kiswahili kuhusu anwani za IP, aghalabu utakutana na jedwali moja lile lile: daraja A, daraja B, daraja C, D na E. Mbele ya kila herufi pana namba za kukariri. Chini ya jedwali utapata neno 'barakoa', na karibu nalo namba 255.255.255.0. Maelezo yanaishia hapo. Mwanafunzi anaondoka na herufi tano na barakoa moja, asijue herufi hizo zinafanya kazi gani wala barakoa hiyo inamfunika nani.

Katika makala haya ninadhamiria kuonyesha kwamba kasoro hii haitokani na uhaba wa msamiati. Tumetafsiri lebo tukaliacha wazo. Ajabu ni kwamba wazo lenyewe si geni kwa mzungumzaji wa Kiswahili, kwani tunalifundisha kila wiki katika somo la ngeli.

Hebu tuanze na jambo lenyewe. Kila tarakilishi, simu ama printa inayowasiliana kwenye mtandao huhitaji anwani. Katika toleo la nne la utaratibu wa intaneti, ambalo bado linatumika sana, anwani hiyo ina biti 32, yaani nafasi 32 zinazojazwa ama 0 ama 1. Kwa kuwa binadamu hawezi kusoma msururu huo bila kizunguzungu, nafasi hizo hugawanywa mafungu manne ya biti nane nane, na kila fungu likaandikwa kama namba ya kawaida kuanzia 0 hadi 255. Ndipo tunapata kitu kama 192.168.10.77.

Anwani hiyo, ingawa yaonekana kama namba moja ndefu, ina sehemu mbili. Sehemu ya mwanzo hutaja mtandao na sehemu ya mwisho hutaja kifaa kimoja ndani ya mtandao huo, mithili ya mtu anayetaja mtaa kisha nyumba. Swali kubwa ni moja tu: mpaka baina ya mtaa na nyumba uko wapi? Habari zote za 'madaraja' na 'barakoa' ni majibu mawili, la zamani na la sasa, ya swali hilo. Maelezo yasiyoanza kwa swali hili humpa msomaji majibu asiyojua yanajibu nini.

Jibu la zamani liliwekwa katika waraka wa Septemba 1981 uliohaririwa na Jon Postel, mmoja wa waasisi wa intaneti nchini Marekani. Liliafikiwa kwamba mpaka utajulikana kwa kutazama mwanzo wa anwani. Ikiwa biti ya kwanza ni 0, anwani ni ya kundi A: fungu moja ni la mtandao na mafungu matatu ni ya vifaa. Ikiwa biti mbili za kwanza ni 10, ni kundi B: mafungu mawili kwa mawili. Ikiwa biti tatu za kwanza ni 110, ni kundi C: mafungu matatu ya mtandao na moja la vifaa. Kwa namba tulizozizoea, fungu la kwanza likiwa kati ya 1 na 126 ni A, kati ya 128 na 191 ni B, na kati ya 192 na 223 ni C. Namba 127 ilitengwa ili tarakilishi iweze kujizungumzia yenyewe. Kundi D, 224 hadi 239, hutumika kupeleka ujumbe mmoja kwa wapokezi wengi, na E liliwekwa akiba.

Msomaji wa safu hii bila shaka ameshang'amua jambo. Huku kutazama mwanzo ili kujua kundi ndiko kulikowaongoza wanaisimu wa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, akina Wilhelm Bleek na Carl Meinhof, walipoainisha nomino za lugha za Kibantu. Waliangalia kiambishi awali cha nomino yenyewe. Neno likianza kwa ki- katika umoja liliingizwa kundi moja, na likianza kwa vi- katika wingi, kundi jingine. Vivyo hivyo kwa m- na wa-. Kundi lilisomwa usoni mwa neno.

Ndiyo maana nashangaa tunapotafsiri makundi haya kuwa 'madaraja' ama 'matabaka'. Hapa Kenya neno daraja, likiambatana na herufi A, B na C, lina maana moja kichwani mwa mwanafunzi: matokeo ya mtihani. Utasikia mtu akiuliza, "Si anwani ya A ndiyo iliyo na kasi zaidi?" Hana makosa, lugha ndiyo iliyompotosha. A haina ubora wowote kuishinda C. Tofauti ni mahali pa mpaka tu, na kwa hiyo idadi ya vifaa vinavyoweza kukaa ndani. 'Tabaka' nalo ni baya zaidi. Kila aliyesoma tamthilia na riwaya shuleni anajua tabaka la juu humkandamiza la chini. Katika anwani hakuna mkandamizaji. Kiswahili kina neno mahususi la kundi la vitu vinavyotambuliwa kwa kiambishi, na neno hilo ni ngeli. Kwa nini tuliruke?

Hata hivyo, kubadilisha neno pekee hakutoshi, kwa sababu jedwali lenyewe lina kasoro ya pili ambayo ni nzito zaidi. Hufundishwa kana kwamba bado ndilo linalotawala, ilhali utaratibu huo uliachwa mnamo 1993.

Uliachwa kwa sababu ya hesabu. Mtandao wa ngeli C ulikuwa na nafasi 254 za vifaa. Wa ngeli B, 65,534. Wa ngeli A, 16,777,214. Chukua chuo kilichokuwa na tarakilishi 300. C haikitoshi, B inakipwaya kama koti la babu alilovishwa mtoto. Akipewa B, nafasi zaidi ya 65,000 zinakaa bure wala hapana mwingine awezaye kuzitumia. Anwani zote za biti 32 ni 4,294,967,296, idadi iliyoonekana kubwa mno mwaka wa 1981. Kwa ugawaji huo wa kukata mkate kwa panga, haingedumu.

Marekebisho yalikuja kwa hatua mbili. Mwaka wa 1985 ulitolewa mwongozo wa kuugawa mtandao mmoja katika sehemu ndogo ndani kwa ndani, na mpaka mpya ukawa unatajwa kwa namba ya kando inayofuatana na anwani. Septemba 1993 hatua ya pili ikakamilisha kazi: ngeli za A, B na C zikaondolewa kabisa katika ugawaji wa anwani na uelekezaji wa ujumbe. Mpaka ukaruhusiwa kukaa popote katika zile nafasi 32, mradi utajwe. Kutoka hapo anwani peke yake, bila namba ya kando, haisemi mpaka wake uko wapi.

Turudi kwenye sarufi, kwani huko nako yalitokea mapinduzi kama hayo. Uainishaji wa kutazama kiambishi cha nomino ulikwama. 'Mtu' na 'mti' yote yanaanza kwa m-, lakini mtu ameanguka na mti umeanguka. 'Kipofu', 'kiongozi' na 'kifaru' yana ki- na vi- kama kiti na viti, lakini hatusemi kiongozi kimefika. Atakayesema hivyo atachekwa ama atashtakiwa kwa matusi. Kwa hiyo shuleni siku hizi hatuulizi neno linaanza vipi. Tunauliza linapatanishwa vipi. A-WA, U-I, KI-VI, LI-YA: hivi ni viambishi vya upatanisho, na havikai kwenye nomino. Hukaa nje yake, katika kitenzi. Ngeli ya neno hujulikana kwa kitu kilicho kando ya neno.

Naona hapa ndipo mwalimu wa tarakilishi na mwalimu wa Kiswahili wangekaa meza moja. Anwani 10.20.30.40, kwa sura, ni ngeli A. Lakini ikiandamana na 255.255.255.0, mtandao wake ni 10.20.30.0 na nafasi za vifaa ni 254, kama zilivyokuwa katika C ya zamani. Anayetazama sura atakwambia A. Anayetazama upatanisho atakwambia ukweli. Anwani hiyo ni 'kiongozi': ina ki-, lakini si ya KI-VI.

Sasa tuichambue hiyo 'barakoa'. Katika upwa wetu barakoa ni vazi la kale la kufunika uso wa mwanamke, na tangu 2020 kila Mkenya analijua neno hili kwa sababu ya korona. Popote litumikapo, barakoa huficha. Je, namba ya kando huficha nini? Tutazame inavyofanya kazi, kwani uhakiki wa istilahi usiogusa kazi ya kitu ni porojo.

Chukua anwani 192.168.10.77 pamoja na 255.255.255.192. Fungu lenye 255 ni biti nane zote zikiwa 1. Fungu la mwisho, 192, ni 11000000. Kanuni ni kwamba palipo na 1 biti ya anwani huachwa ilivyo, na palipo na 0 biti ya anwani hugeuzwa kuwa 0. Mafungu matatu ya kwanza, basi, yanabaki 192.168.10. Fungu la mwisho, 77, ni 01001101. Ukilipitisha chini ya 11000000, biti mbili za kwanza, 01, zinabaki, na sita zilizosalia zinakuwa sufuri: 01000000, yaani 64. Mtandao ni 192.168.10.64. Biti sita za vifaa hutoa nafasi 64, kuanzia 64 hadi 127. Ya kwanza ni jina la mtandao wenyewe na ya mwisho, 127, ni ya kutangazia wote, hivyo vifaa vinapata 65 hadi 126, jumla 62.

Asiyependa biti anaweza kutumia njia ya mkato: toa 192 katika 256, upate 64. Mitandao inaanzia 0, 64, 128 na 192. Namba 77 imo katika boma la 64. Ni hesabu ya duka tu.

Ukitazama kazi hiyo utaona kwamba namba ya kando hufanya jambo kubwa kuliko kuficha. Inaonyesha kiambishi kinaishia wapi na shina linaanzia wapi. Mwanafunzi wa isimu hufanya kazi iyo hiyo anapochora kistari kati ya m- na -tu. Kwa hiyo napendekeza tuite kitu hiki kitenganishi. Kuna watakaopendelea 'kichujio', na wana hoja, kwani 1 hupitisha na 0 huzuia. Ila kichujio tayari kinatumika kwa programu zinazozuia barua taka na kurasa zisizofaa, nasi hatutaki neno moja libebe mizigo miwili katika chumba kimoja.

Vivyo hivyo, mgao wa ndani huitwa 'mtandao mdogo'. Udogo sio sifa yake ya msingi. Mgao wa mtandao mkubwa unaweza kuwa na nafasi maelfu, wakati mtandao mzima wa nyumbani una vifaa vitano. Sifa yake ni kuwa umetokana na mwingine. Kurasa za biashara za magazeti yetu zimeshatatua tatizo hili: kampuni iliyo chini ya nyingine huitwa kampuni tanzu, hata iwe kubwa namna gani. Tuseme basi mtandao tanzu. Na ile sehemu ya mbele ya anwani tuiite kiambishi, bila haya. Waingereza wenyewe huiita kwa neno lile lile la sarufi yao. Siku hizi wahandisi huandika 192.168.10.64/26, na namba iliyo baada ya mkwaju ni idadi ya biti za kiambishi. Ukisema "kiambishi cha biti 26", umeeleza kila kitu kwa maneno manne.

Nakiri kwamba mlinganisho wangu una kikomo. Kiambishi cha nomino hubadilika neno likiingia wingi. Cha mtandao hakina umoja wala wingi. Tena kiambishi cha upatanisho husikika katika sentensi, ilhali kitenganishi hukaa ndani ya mashine, hakisafiri na ujumbe. Mfano haupaswi kuvutwa hadi ukatike. Lakini kwa swali la mpaka, unatosha na unabaki.

Kuna wanaoniambia haya ni mambo ya maneno tu. Wacha nionyeshe hasara yake. Barani Afrika anwani hugawanywa na AFRINIC, shirika lenye makao Mauritius. Miongoni mwa anwani lililokabidhiwa ni zote zinazoanza kwa 41. Kwa mujibu wa jedwali la 1981, 41 ni ngeli A, hivyo anwani zote hizo, zaidi ya milioni 16, ni mtandao mmoja wa mwenyewe mmoja. Kwa kweli zimegawanywa kwa mitandao mingi ya Kenya, Misri, Nigeria, Afrika Kusini na kwingineko, kila mmoja na kiambishi chake. Mtaalamu chipukizi aliyekariri jedwali akiona anwani mbili zinazoanza kwa 41 atadhani ni majirani, kumbe moja iko Nairobi na nyingine Cairo. Utaratibu anaokariri ungekuwa bado unafanya kazi, bara letu lingegawana vipande vikubwa vichache na wengine wangekaa nje ya mlango. Hazina kuu ya dunia ya anwani za toleo la nne iliisha Februari 2011. Ingeisha mapema zaidi bila yale mageuzi ya 1993.

Hasara nyingine iko karibu zaidi. Katika ofisi ama saiba ndogo, tarakilishi moja imepewa 192.168.10.77 na kitenganishi 255.255.255.192, ya pili 192.168.10.140 na 255.255.255.0. Ya kwanza inamwona mwenzake kama mgeni wa mtaa wa mbali, kwa hiyo inapeleka ujumbe kwa ruta. Ya pili inamwona wa kwanza kama jirani wa ukuta mmoja, kwa hiyo inamwita moja kwa moja. Mara printa inaitika, mara haiitiki. Kijana aliyeambiwa "weka tu 255.255.255.0, ni C hiyo" atabadilisha waya, atazima na kuwasha, atamlaumu mwenye kuuza intaneti. Aliyefundishwa upatanisho atauliza swali la kwanza: je, hawa wawili wanakubaliana mpaka uko wapi?

Sisemi waliotutangulia hawakufanya kitu. Mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliotoa Jambo OpenOffice mwaka wa 2004 ulithibitisha kwamba menyu nzima ya programu yaweza kusoma Kiswahili. Hiyo ilikuwa kazi ya lebo, na ilifanywa vyema. Kazi iliyobaki ni ya maelezo: kumchukua mtu asiyejua na kumfikisha mahali pa kujua, kwa Kiswahili mwanzo hadi mwisho. Kila Julai 7 tunaadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani kwa hotuba, ngoma na fulana. Katiba ya 2010 imekiita lugha ya taifa na lugha rasmi. Lugha rasmi isiyoweza kumweleza kijana kwa nini printa haiitiki ni rasmi kwenye karatasi tu.

Tena wakati hautungoji. Toleo la sita la anwani lina biti 128, na ndani yake hakuna ngeli A wala C. Kuna viambishi na urefu wake. Jedwali la herufi tano halitakuwa na la kufafanua huko ila historia. Kiambishi kitakuwepo.

Kwa hiyo namwomba mwalimu anayetayarisha maelezo ya somo hili aligeuze juu chini. Aanze na swali la mpaka. Afanye hesabu moja ya kitenganishi ubaoni, polepole, hadi mwanafunzi wa nyuma aipate. Mwishoni, kama dakika zimebaki, asimulie kwamba zamani palikuwa na ngeli A, B na C, na kwa nini ziliachwa.